Sauti Bila Historia, Historia Bila Sauti: Maitreyi Ramakrishnan na Watamili wa Toronto

Mwezi Aprili 2019 mwandishi na mwigizaji wa Marekani, Mindy Kaling, alitoa tangazo mitandaoni. Alikuwa akimtafuta msichana wa asili ya Asia Kusini wa kuigiza mhusika mkuu katika tamthilia mpya ya Netflix. Uzoefu haukuhitajika; ilitosha kujirekodi na kutuma video. Wasichana wapatao 15,000 walijitokeza. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Meadowvale mjini Mississauga, jiji linalopakana na Toronto kwa upande wa magharibi. Jina lake Maitreyi Ramakrishnan, umri miaka 17, na jukwaa alilolijua lilikuwa la michezo ya shuleni. Habari ya tangazo aliletewa na rafiki yake, na video ya kwanza waliirekodi katika maktaba ya mtaani. Ikafuata mialiko ya kutuma video nyingine, kisha safari ya Los Angeles kwa usaili wa ana kwa ana. Mwezi Julai jina lake likatangazwa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama ngano ya bahati: binti asiyejulikana anaokotwa katika umati na kuvikwa taji. Usimulizi wa namna hiyo hupendeza, lakini huficha swali ambalo mwanahistoria hawezi kuliruka. Kwa nini mwigizaji wa Kitamili aliyekuja kujulikana kuliko wengine wote wa kizazi chake nje ya Asia alitoka Toronto na si Chennai, Singapore wala London? Na umma ulipompata, ulikuwa umempata mwakilishi wa historia ipi hasa?

Ramakrishnan alizaliwa Mississauga tarehe 28 Desemba 2001. Familia yake ilikuwa imefika Kanada kama wakimbizi, ikikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sri Lanka. Mwanzo wa vita hivyo huhesabiwa kutoka Julai 1983. Shambulio la wapiganaji wa Kitamili huko Jaffna liliua askari 13, na kwa siku kadhaa baada ya hapo makundi ya Wasinhala yaliwaandama Watamili mjini Colombo na kwingineko, yakiua, yakipora na kuchoma nyumba na maduka. Mwezi huo hujulikana kama Julai Nyeusi. Watamili walitawanyika kwenda India, Ulaya na Kanada. Agosti 1986 wavuvi wa Newfoundland waliwakuta baharini watu 155 ndani ya mashua mbili za kuokolea. Walikuwa Watamili waliosafirishwa kutoka Ujerumani Magharibi na kutelekezwa katikati ya maji. Wengi waliokuja kabla na baada yao waliishia Toronto na vitongoji vyake, hasa Scarborough upande wa mashariki, na jamii iliyokua humo ni miongoni mwa jamii kubwa kabisa za Watamili nje ya Asia Kusini.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameanza kusikia mwangwi wa habari anazozifahamu. Jiji hili hili liliwapokea baadhi ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na ndilo alimohamia M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, ambaye riwaya yake No New Land ya mwaka 1991 inawafuata Waasia wa Dar es Salaam hadi katika majengo marefu ya Don Mills. Kufanana huku kusitiwe chumvi. Muasia wa Kampala au Dar es Salaam alipofika Toronto alikuwa ameacha nyuma nchi iliyomkataa au iliyombana. Mtamili wa Jaffna alikuwa ameacha vita ambavyo bado vilikuwa vikipiganwa, na ndugu zake walikuwa bado ndani yake. Vita hivyo viliisha Mei 2009, baada ya miaka 26. Tarehe 10 ya mwezi huo Watamili wa Toronto, wakiwamo akina mama na watoto, walipanda kwenye barabara kuu ya Gardiner na kuifunga kwa saa kadhaa, wakitaka ulimwengu uone kilichokuwa kikitendeka kaskazini mwa Sri Lanka. Magazeti ya jiji yaliandika sana juu ya msongamano wa magari. Ramakrishnan alikuwa na umri wa miaka saba.

Hapa inabidi kusema jambo juu ya nafasi ya mwigizaji katika utamaduni wa Watamili, kwa sababu nafasi hiyo haina mfano katika Afrika Mashariki. Katika jimbo la Tamil Nadu filamu na siasa zimelala kitanda kimoja tangu miaka ya 1940. C. N. Annadurai na M. Karunanidhi, waliokuja kuwa mawaziri wakuu wa jimbo, walikuwa waandishi wa filamu. J. Jayalalithaa, aliyeshika wadhifa huo baadaye, alikuwa mwigizaji. Aliyewapita wote kwa mapenzi ya umma ni M. G. Ramachandran, maarufu kwa herufi MGR, aliyeongoza jimbo kuanzia 1977 hadi kifo chake mwaka 1987, akivunjiwa madaraka kwa muda mfupi tu mwaka 1980. MGR, ambaye kwao ni Kerala kwa asili ya wazazi, alizaliwa mwaka 1917 karibu na Kandy, katika Sri Lanka ya leo, na katika miaka ya vita aliwasaidia kwa fedha wapiganaji wa Tigers. Kwa Mtamili wa rika la wazee waliokimbilia Scarborough, kwa hiyo, mwigizaji alikuwa zaidi ya mburudishaji. Alikuwa mtu ambaye sauti yake ilisemea taifa.

Lakini sauti hiyo haikuwa yao hasa. Sinema ya Chennai huzungumza Kitamili cha India, na Kitamili cha Jaffna hutofautiana nacho katika matamshi, msamiati na hata viambishi vya vitenzi. Wataalamu wa lugha husema kimehifadhi sifa kadhaa za kale. Katika filamu za India mhusika wa Jaffna, akitokea, mara nyingi huzungumza kwa namna ambayo watu wa Jaffna hawaitambui. Anayekijua Kiswahili cha Lamu au cha Lubumbashi, na amewahi kumsikia mwigizaji wa Nairobi akikiiga, hahitaji maelezo zaidi. Wakazi wa Toronto walizipenda filamu za Chennai, walizikodi kwenye kanda za video na baadaye wakazitazama katika kumbi za Scarborough, huku wakijua kwamba skrini ile haikuwa na mtu wa kwao.

Aliyejaribu kwa bidii zaidi kuliziba pengo hilo ni Lenin M. Sivam, mwongozaji wa Kitamili wa Toronto. Filamu yake 1999 ilitoka mwaka 2009; ikafuata A Gun & a Ring mwaka 2013, inayosuka maisha ya Watamili kadhaa wa jiji hilo ambao vita vimewafuata hadi ughaibuni, na ambayo ilishindania tuzo kuu ya Tamasha la Filamu la Shanghai mwaka huo. Mwaka 2017 alitoa Roobha, kisa cha mapenzi kati ya mwanamke aliyezaliwa akiitwa mvulana na mwanamume mwenye mke na watoto. Sehemu ya mwanamume huyo aliigiza Antonythasan Jesuthasan.

Jina hilo linastahili kusimamisha msomaji. Jesuthasan alizaliwa mwaka 1967 Allaipiddy, karibu na Jaffna, na akajiunga na Tigers akiwa kijana mdogo. Aliwaacha, akakimbilia Hong Kong, kisha Thailand, na mwaka 1993 akafika Ufaransa na kupata hifadhi. Alifanya kazi za mikono za kila aina, na usiku akaandika kwa jina la Shobasakthi. Riwaya yake Gorilla, juu ya mtoto aliyebebeshwa bunduki, ni miongoni mwa vitabu vinavyotajwa kwanza panapozungumzwa fasihi ya Kitamili ya vita. Uigizaji ulimjia ukubwani: kwanza Sengadal ya Leena Manimekalai mwaka 2011, kisha Dheepan ya Jacques Audiard, iliyotwaa Palme d'Or mjini Cannes mwaka 2015. Humo anaigiza mpiganaji wa zamani anayeingia Ufaransa na mke na mtoto wa kubuni, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kitamili. Alipoulizwa ni kiasi gani cha kisa kile ni maisha yake, alijibu kwamba ni karibu nusu. Katika Dheepan na katika kazi za Sivam, historia ya Watamili wa Sri Lanka na sauti yao vilikutana katika mwili mmoja. Tatizo ni kwamba Dheepan ilikuwa ya Paris, na za Sivam zilitazamwa na wachache.

Ndipo ukaja mwaka 2020, mwaka ambao kwa mara ya kwanza watazamaji wa kawaida wa Kanada walikutana na Watamili katika kazi mbili kubwa kwa mpigo.

Ya pili kwa tarehe ndiyo inayofaa kuelezwa kwanza. Shyam Selvadurai alizaliwa Colombo mwaka 1965, akahamia Kanada na familia yake baada ya ghasia za 1983, akasoma Chuo Kikuu cha York, Toronto. Riwaya yake Funny Boy ya mwaka 1994 inamfuata Arjie, mvulana Mtamili wa Colombo anayetambua kwamba anawapenda wavulana, hadi siku nyumba yao inapoteketezwa. Ni miongoni mwa riwaya bora kuwahi kuandikwa na mhamiaji nchini Kanada, na kwa Watamili wa Toronto ni zaidi ya hapo: ndiyo iliyowawekea Julai 1983 katika rafu za maktaba za shule. Deepa Mehta, mwongozaji wa Toronto mzaliwa wa Amritsar, alipotangaza kuitengenezea filamu, matumaini yalikuwa makubwa.

Yaligeuka malalamiko hata kabla filamu haijaonyeshwa. Baadhi ya waigizaji wakuu hawakuwa Watamili, na walioonja vipande vya utangulizi walisema kwamba Kitamili kilichosikika humo hakieleweki. Mehta alijitetea kwamba alitafuta Watamili na kwamba wengine waliogopa kuigiza katika kisa cha mapenzi ya jinsia moja, jambo ambalo ni kosa kisheria Sri Lanka. Sehemu ya mazungumzo ikarekodiwa upya kwa sauti za Watamili. Filamu ilirushwa na CBC tarehe 4 Desemba 2020. Kanada ilikuwa imeiteua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu ya kimataifa, tuzo inayodai zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Chuo cha Oscar kikaikataa: Kiingereza kilikuwa kingi mno. Filamu iliyoshutumiwa kwa Kitamili kibovu ikaondolewa kwa sababu ya uhaba wa Kitamili na Kisinhala. Kwa upande wa Mehta yafaa kusemwa kwamba Kiingereza kile ni cha kweli: familia ya Arjie ni ya tabaka la Colombo ambalo hakika lilizungumza Kiingereza sebuleni. Lakini mama mzee wa Scarborough aliyekimbia moto ule ule hakupendezwa na hoja ya tabaka. Alikaa mbele ya televisheni kuitazama siku iliyomfanya mkimbizi, akasikia midomo ya watu wa kwao ikitoa sauti za watu wengine.

Miezi saba kabla, tarehe 27 Aprili, Netflix ilikuwa imetoa Never Have I Ever. Dunia ilikuwa imefungiwa ndani na UVIKO, na kampuni hiyo ilitangaza baadaye kwamba kaya milioni 40 ziliitazama katika wiki nne za mwanzo. Ramakrishnan ni Devi Vishwakumar, msichana wa miaka 15 wa Sherman Oaks, California, ambaye baba yake amekufa ghafla katika tamasha la shule mbele ya macho yake, na ambaye kwa miezi mitatu baada ya hapo miguu yake iligoma kutembea. Ni tamthilia ya kuchekesha, na kichekesho chake kinasimama juu ya kaburi. Devi ni mwerevu, mwongo, mwenye hasira na mwenye tamaa ya wavulana. Anaharibu kila anachokigusa, kisha anaomba radhi vibaya. Ramakrishnan hakuwa na mafunzo ya uigizaji, lakini ana kitu ambacho mafunzo hayakitoi kwa urahisi: hamwombei mhusika wake huruma. Anapogombana na mama yake, Nalini, anayeigizwa na Poorna Jagannathan, mzaliwa wa Tunis, ugomvi unakwenda hadi pale ambapo watoto wa wahamiaji huwa hawafiki mbele ya watu. Ni katika misimu hiyo minne, vipindi 40 vilivyokamilika Juni 2023, ndipo alipojifunza kazi, na anayeitazama kwa mfululizo humwona akijifunza. Kufikia mwaka 2021 jarida la Time lilikuwa tayari limemweka katika orodha yake ya vijana 100 wanaochipukia.

Ila Devi si Mtamili wa Jaffna. Wazazi wake wametoka India. Kumbukumbu yao ya nyumbani ni Chennai. Tabu yao ni ya wahamiaji wenye shahada, si ya watu waliofika na mashua. Kaling alimuumba kutokana na ujana wake mwenyewe. Baba yake ni Mtamili, mama yake Mbengali, na wawili hao walikutana wakifanya kazi hospitalini nchini Nigeria. Hakuwa na deni la kuandika habari za Sri Lanka. Kitamili chenyewe ndani ya tamthilia ni cha kudokolewa: vitenzi viwili vitatu, majina ya vyakula, na lile neno kanna ambalo baba wa Devi humwita, neno ambalo masikio ya Kitamili husikia ndani yake jicho na jina la Krishna kwa pamoja, kama mzazi wa Kiswahili anavyosema mboni ya jicho langu. Mtazamaji wa Scarborough alilipokea neno hilo kwa machozi. Lilikuwa dogo, lakini lilitamkwa sawasawa.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja jamii moja ilipewa nusu mbili za kitu kimoja: Funny Boy ilikuwa na historia yao bila sauti yao, na Never Have I Ever ilikuwa na sauti yao bila historia yao. Ramakrishnan mwenyewe hakulifumbia macho jambo hili. Katika mahojiano ya mwanzo kabisa, waandishi walipomwita Mkanada wa Sri Lanka, alieleza kwamba yeye hujitambulisha kama Mtamili wa Kanada. Kwa msikilizaji wa mbali tofauti hiyo ni ndogo. Kwa familia iliyokimbizwa na dola iitwayo Sri Lanka, ni tofauti kati ya lugha iliyokulea na pasipoti iliyokuponza. Kile ambacho mwandiko wa tamthilia haukumpa nafasi ya kukisema, alikisema pembeni mwa skrini kwa kuchagua neno moja badala ya jingine. Wapo watakaosema kwamba kujitaja si kuigiza. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama historia ya waigizaji wa Kitamili isingekuwa ile iliyoelezwa hapo juu.

Kazi yake ya kwanza kubwa katika filamu ilimrudisha nyumbani, ingawa kwa sauti tu. Turning Red ya Pixar, iliyotoka Machi 2022 chini ya uongozi wa Domee Shi aliyekulia Toronto, ni kisa cha msichana Mchina wa jiji hilo mwaka 2002. Ramakrishnan ni Priya, rafiki mpole mwenye sauti nzito isiyotetemeka. Filamu za Hollywood zimepigwa Toronto kwa miongo kadhaa zikijifanya New York au Chicago. Hii iliuacha mnara wa CN usimame kwa jina lake. Priya naye, hata hivyo, hana kisa cha familia kinachosimuliwa. Ni rafiki wa mhusika mkuu, na kazi ya rafiki katika katuni ni kuwapo.

Septemba 2021, katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Shivji alisomea uongozaji wa filamu Chuo Kikuu cha York, chuo kile kile cha Selvadurai. Filamu yake ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, na katikati yake yuko Yasmin, binti wa Kihindi anayeikimbia ndoa ya mume mzee na kuangukia katika mapenzi na harakati za Denge. Wahusika wanazungumza Kiswahili kama lugha ya nyumbani, ya mtaani na ya siasa, na hakuna aliyehitaji kurekodiwa upya. Bajeti yake haikaribii ile ya kipindi kimoja cha Netflix. Watazamaji wake pia hawakaribii kaya milioni 40, na hapo ndipo mzani unapokataa kutulia: waliopata vyote viwili, Shivji, Sivam, Jesuthasan, walivipata kwa kukaa mbali na fedha, aliyefika kwa watazamaji alifika kwa kubeba nusu moja.

York inahusika na Ramakrishnan pia. Alikuwa amekubaliwa huko kusomea sanaa za maonyesho mwaka ule ule alioteuliwa na Kaling, akaahirisha. Baadaye alibadili shahada, akachagua masomo ya haki za binadamu na usawa, akisoma kati ya msimu na msimu wa kurekodi. Mwaka 2025 alitokea katika Freakier Friday ya Disney akiwa Ella, nyota wa muziki wa pop, katika hekaheka za mama na binti zinazohusu watu wengine. Ni sehemu ndogo na anaicheza kwa furaha. Mtu aliyezoea kupima maisha ya mwigizaji kwa filamu zake anaweza kuona hapo kijito kinachopungua maji. Lakini Jesuthasan alipoigiza Dheepan alikuwa amevuka miaka 45, na nyuma yake palikuwa na nchi nne, riwaya, na sahani zisizohesabika alizoziosha. Ramakrishnan alitimiza miaka 24 Desemba 2025.